Ukungu wa Ngong Usikurudishe Nyumbani

Kila ikifika Julai nawasikia watu wa Nairobi wakiahirisha safari ya Milima ya Ngong kwa sababu ya ukungu. "Tutapanda Januari, jua likiwaka." Wengine hufika kweli, wakapanda hadi kwenye minara ya mawasiliano, wakapiga picha mbili za weupe mtupu, kisha wakateremka kwenda kutafuta nyama choma. Inaniuma. Kama kuna siku moja tu katika mwaka ambayo mtu anaweza kuutembea mgongo wa Ngong kutoka mwanzo hadi mwisho, basi iwe siku ya baridi, aanze saa moja asubuhi, vilele vikiwa bado vimefunikwa.

Ukungu ule haufiki pale kwa bahati. Ngong ni mabaki ya volkano ya kale. Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka, upande wa magharibi wa mlima ulizama, ukabaki huu wa mashariki umesimama kama ukuta kutoka kaskazini hadi kusini, kilele chake kirefu kikifika mita 2,460. Kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unaotoka Bahari ya Hindi na unyevu wake hugonga ukuta huo. Hauna pa kupita ila juu. Ukipanda unapoa, na ule unyevu unakuwa ukungu. Ukishavuka mgongo, hewa inateremka bondeni kuelekea Magadi, inapata joto, na ukungu unayeyuka hewani. Kwa hiyo anayetembea kuelekea kusini ana kijani kibichi mkono wake wa kushoto na nchi kavu, ya rangi ya majivu, mkono wa kulia. Sijui mahali pengine karibu na jiji letu ambapo unaweza kuiona mvua ikigawanywa namna hiyo chini ya miguu yako.

Kufika ni rahisi: matatu ya 111 hadi mji wa Ngong, halafu mguu au bodaboda hadi kwenye lango la Huduma ya Misitu. Muda si muda uko chini ya mitambo ya upepo. Miwili ya kwanza ilijengwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Leo kampuni ya umeme ya KenGen ina msururu mzima pale wenye uwezo wa megawati 25.5. Siku ya jua ni mitambo tu, unaipiga picha unapita. Siku ya ukungu unaisikia kabla hujaiona: vuu, kimya, vuu, kimya, hadi ghafla panga moja jeupe linashuka juu ya kichwa chako na kupotea tena.

Baada ya hapo barabara inaisha na safari yenyewe inaanza. Ni kupanda na kushuka, kilele baada ya kilele, kwa kilomita kumi au zaidi, hadi upande wa Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Miteremko ni mikali kuliko inavyoonekana ukiwa mjini, na magoti yatakwambia. Lakini ukungu unakuondolea ile tabia ya kutazama mbali na kuhesabu vilele vilivyobaki. Unatazama kilicho karibu. Vichaka vya leleshwa, kwa mfano: majani yake yana upande wa chini mweupe wenye manyoya laini, na asubuhi ya Julai kila unyoya umeshika tone. Tikisa tawi, maji yanamwagika kwenye mkono wa sweta. Lisugue jani kati ya vidole, upate ile harufu kali ya kafuri inayobaki mkononi hadi jioni.

Pale ndipo nilipokutana na kijana mchungaji wa Kimaasai aliyekuwa akitafuta kondoo wawili.

"Sopa," nikamsalimu.

"Epa. Mmeona kondoo huko mlikotoka?"

Nikamwambia hatukuona hata njia. Akacheka, akainua kidole tunyamaze, akasikiliza. Kengele ikalia mahali fulani upande wa mashariki, chini yetu. "Ni hao," akasema. "Hapa mvua ikikata, huu ukungu ndio unalisha majani." Akashuka huko akipiga mluzi.

Na usidhani hutaona kitu. Mara nyingi kufikia saa nne au saa tano upande wa magharibi hupasuka. Kwanza kipande cha bonde, halafu mgongo mpana wa mlima Suswa, na hali ikikubali hata mlima Longonot. Dakika tano, kumi, kisha panajifunga. Nimeyaona mandhari yaleyale yakiwa wazi kutwa nzima, na nasema bila kusita kwamba zile dakika tano zinazidi.

Kuhusu usalama sitazungusha maneno: watu wameporwa kwenye vilele vya mbali, na ukungu humsaidia mwizi. Nenda na kundi, na lipia askari wa misitu awasindikize. Fedha hiyo usiione kubwa.

Hoja ninayoiheshimu zaidi dhidi yangu ni ya udongo. Msimu wa ukungu njia huwa tope, na kila mtu akikwepa tope anakanyaga nyasi za pembeni. Zile nyasi zinakufa, njia inatanuka, na masika yakija maji yanachimba mfereji. Kuna sehemu za mteremko ambapo njia moja tayari imekuwa tatu. Kwa hiyo anayenisikiliza aende Julai, lakini avae viatu vya kuchafuka na apite katikati ya tope, mmoja nyuma ya mwenzake. Pikipiki na magari yaishie kwenye mitambo miezi hiyo, maana gurudumu moja kwenye udongo ule laini linaharibu kuliko kundi zima la watembeaji. Wanaosimamia msitu wanaweza kuweka kizuizi pale barabara inapoishia na kukifunga kuanzia Juni hadi Agosti. Mwenye ng'ombe na kondoo apite kama alivyopita siku zote.