Kukatwa si kushindwa

Kila kura za maoni zikiisha, jukwaani hutolewa kauli ileile: "Uchaguzi umekwisha, sasa tuvunje makundi." Makofi yanapigwa, mikono inashikwa, picha zinapigwa. Jioni kila mtu anarudi kwenye grupu lake la WhatsApp.

Mimi sina ugomvi na makundi. Anayegombea lazima awe na wapambe, vinginevyo angebaki nyumbani. Ninachotazama ni jinsi alivyotolewa. Kushindwa kwa kura na kukatwa, yaani jina kuondolewa na vikao kabla ya kura, ni mambo mawili.

Mwaka 1995 Jakaya Kikwete aliongoza raundi ya kwanza ya kumtafuta mgombea urais kwenye Mkutano Mkuu wa CCM, chama tawala cha Tanzania, kisha ya pili akapitwa na Benjamin Mkapa, kura 686 kwa 639. Watu wake walinuna, ndiyo, lakini hesabu waliiona. Kikwete akakubali, akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Mkapa, na 2005 zamu yake ikafika.

Sasa chukua 2015. Makada 38 walirudisha fomu, Kamati Kuu ikabakiza watano, Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, hayumo. Wajumbe waliofunga safari hadi Dodoma kwa ajili yake hawakupewa hata nafasi ya kumpigia kura akashindwa. Ndiyo maana ukumbini Halmashauri Kuu ilipokutana, baadhi yao waliimba kwamba wana imani naye, Mwenyekiti wa chama, Kikwete, akiwepo. Hatimaye kwenye Mkutano Mkuu John Magufuli alipata kura 2,104, zaidi ya asilimia 87. Ushindi mnono, ila mtu aliyekuwa akizungumzwa kila kona hakuwa kwenye karatasi.

Kilichofuata tunakijua. Julai 28 Lowassa alitua Chadema, chama cha upinzani (na huko nako akaacha ufa, maana Katibu Mkuu wao, Dk. Slaa, alijiweka kando), Oktoba akavuna karibu asilimia 40 ya kura za urais. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu waliojitenga hadharani na uamuzi ule wa kumkata, adhabu zao zilikuja 2017: Sophia Simba alifukuzwa, Adam Kimbisa akasamehewa, Emmanuel Nchimbi akapewa onyo kali. Nchimbi huyohuyo mwaka 2024 akawa Katibu Mkuu wa chama. Kwa wakubwa, basi, mlango wa kurudi upo.

Wa chini je? Namfahamu katibu wa tawi mmoja aliyekuwa wa Lowassa damu. Hakuhama. Kadi anayo, ada analipa, kwenye vikao anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Ila kampeni zikianza tu, mgongo unamuuma. Uchaguzi wa 2015 uliuma, na wa serikali za mitaa uliofuata ukauma vilevile.

Machi 2019 Lowassa aliporudi CCM, nilimpigia simu katibu huyo nikidhani atafurahi. Akanyamaza kidogo. "Yeye kapokelewa Lumumba, ofisi ya chama Dar es Salaam, na Mwenyekiti mwenyewe," akasema. "Mimi nipo hapahapa tawini, sijaenda popote. Nani amenijia?"