Camp Ritchie na ile asilimia 60

Kila anayesimulia habari za Camp Ritchie, kambi ya Marekani iliyofundisha ujasusi wa vita, lazima aifikie ile asilimia 60. Inasemwa kwamba ripoti ya jeshi la Marekani, iliyoandikwa baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikadiria kuwa karibu asilimia 60 ya taarifa za kuaminika zilizokusanywa vitani Ulaya Magharibi zilitoka kwa watu waliofunzwa katika kambi hiyo moja ya milimani Maryland. Hapo msimulizi hutua, wasikilizaji wakaguna, na mjadala ukaisha. Mimi tarakimu hiyo inanikera, na si kwa sababu naidharau kambi. Inanikera kwa sababu watu wakishaishika, hawaulizi tena kilichokuwa kikifundishwa pale.

Historia yenyewe kwa ufupi. Mahali pale palianza kwa biashara ya barafu: kampuni ya Buena Vista ilitengeneza maziwa, na majira ya baridi maji yakiganda, ikakata mabonge na kuyauza mijini. Mwaka 1926 pakawa kambi ya askari wa akiba wa jimbo, ikaitwa kwa jina la gavana Albert Ritchie. Juni 1942 jeshi likaichukua na kuifanya kituo cha mafunzo ya ujasusi wa kijeshi, chini ya Kanali Charles Banfill. Kozi ilikuwa ya wiki nane. Hadi vita inakwisha walikuwa wamepita pale karibu watu 20,000, na zaidi ya 2,000 kati yao walikuwa wakimbizi kutoka Ujerumani na Austria, wengi wao Wayahudi. Dunia inawajua kama Ritchie Boys.

Sasa ile asilimia. Ni asilimia 60 ya nini hasa? Mateka akisema nyuma ya kilima kile kuna rashasha mbili, hiyo ni taarifa moja. Ujumbe wa siri wa Wajerumani uliofumbuliwa Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua siri za adui, unaoeleza jeshi zima linataka kuelekea wapi, nao utahesabiwa kuwa taarifa moja? Askari wengi wa mstari wa mbele hawakujua hata kama Bletchley ipo. Siri ile haikutoka hadharani mpaka 1974. Kisha kuna jambo jingine ambalo wapenda tarakimu hulipita haraka. Kufikia 1944, wahoji wa Kimarekani waliopelekwa Ulaya wakiwa na mafunzo ya kazi hiyo walikuwa wengi wao wametoka Ritchie. Nchi ikiwa na chuo kikubwa kimoja tu cha wakunga, halafu ukatangaza kwamba watoto wengi wamezalishwa na wahitimu wa chuo hicho, umesema kweli, lakini kuhusu ubora wa chuo hujasema kitu. Na hata tukiikubali tarakimu yote kama ilivyo, inatupa hesabu ya majibu yaliyopatikana. Namna yalivyopatikana haiigusi, na hiyo namna ndiyo watu wanaigombania.

Maana ugomvi upo. Kundi moja linasema Ritchie ni ushahidi kwamba upole unashinda mateso. Hoja hii ilipata nguvu baada ya picha za askari wa Marekani wakiwatesa wafungwa katika gereza la Abu Ghraib, Iraq, kuvuja 2004, watu walipoanza kuwatafuta wazee waliohoji mateka katika Vita Kuu ya Pili na kuwauliza, nyie mlifanyaje? Mwaka 2007 mzee Henry Kolm, aliyekuwa mhoji Fort Hunt, kambi ya siri ya Virginia iliyofanya kazi ya jamii hiyohiyo, aliliambia gazeti la Washington Post kwamba walipata mengi zaidi kwa jenerali wa Kijerumani kupitia sataranji au mpira wa meza kuliko wanavyopata watesaji wa leo.

Kundi la pili linasema hiyo ni bahati ya majira. Mjerumani aliyetekwa 1944 au 1945 alikuwa na njaa, amechoka, ameona mwisho wa vita. Mtu wa hivyo utampa sigara tu aseme. Mpeleke mhoji yuleyule kwa mateka mwenye imani kali na anayejiona anashinda, uone kama sataranji itasaidia.

Hoja ya pili ina uzito. Lakini inamdhania mhoji kuwa mtu aliyekaa kusubiri aletewe. Tuingie hemani kidogo. Mateka ameletwa asubuhi, magwanda yana tope, na anaijua haki yake: jina, cheo, namba, basi. Mhoji hamuulizi kitu. Anafungua kijitabu cha mshahara, Soldbuch, ambacho kila askari wa Kijerumani alitembea nacho. Humo mna kikosi alichoanzia, alikohamishiwa, hospitali alizolazwa. Pembeni kuna kitabu cha vikosi vya Ujerumani na makamanda wake, ambacho huko Ritchie walikisoma na kukirudia kama mtoto wa madrasa na juzuu yake. Kisha mhoji anaanza kumhadithia mateka habari za mateka mwenyewe: kikosi chenu kilikuwa mahali fulani mwezi uliopita, meja wenu ni fulani, amechukua nafasi ya yule aliyekufa. Anateleza mahali pamoja, labda kwa makusudi. Mateka anamsahihisha. Mtu akishaanza kukusahihisha, mazungumzo yameanza, na kuficha mizinga minne ya kikosi chake kunaanza kuonekana kama kazi bure.

Ongeza lugha. Mpemba hata akae Dar miaka thelathini, atatamka maneno mawili matatu na Mpemba mwenzake atamjua. Kijana aliyezaliwa Hildesheim au Vienna alisikia hivyohivyo: huyu anajifanya mtu wa Berlin lakini ni wa Bavaria, na huyu anayedai ni koplo mpishi anaongea kama mtu aliyezoea kutoa amri. Sikio hilo wiki nane haziwezi kulitengeneza. Zinaweza kulinoa, na Ritchie ilinoa: kulikuwa na askari waliovishwa sare za Kijerumani ili wanafunzi wazoee kuwaona na kuwahoji, kulikuwa na usiku wa kutupwa milimani kutoka kwenye lori lililofunikwa, mkononi una dira na ramani ya lugha ngeni, ujitafutie njia ya kurudi. Hata mieleka ilifundishwa na mwanamieleka wa kulipwa, pande la mtu lililojulikana ulingoni kama Man Mountain Dean.

Kwa hiyo neno upole naona limekosewa. Mateka alikabidhiwa kwa mtu aliyemjua kuliko alivyotaka kujulikana, na huenda wako waliotamani afadhali wangekutana na mjinga mwenye kofi.

Na ujuzi huo ulitoka kwa nani? Ujerumani na Marekani zilipotangaziana vita Desemba 1941, Mjerumani asiye na uraia wa Marekani alihesabiwa kisheria kuwa mgeni wa taifa adui, hata kama ni Myahudi aliyekimbia na sanduku moja. Alikatazwa kuwa na kamera. Alikatazwa kuwa na redio ya masafa mafupi. Miezi michache baadaye unamkuta mtu wa namna hiyo Ritchie, anafundishwa kusoma picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na darasa la pili yake wanafunzwa kunasa alama za Morse. Wengi walipewa uraia wakiwa tayari ndani ya magwanda, kwa sheria ya Machi 1942 iliyofupisha safari hiyo kwa wanajeshi.

Maofisa waliosita kuwaamini wakimbizi hao hawakuwa wapumbavu. Kikulacho ki nguoni mwako. Kupenyeza jasusi mmoja katikati ya maelfu ya wakimbizi si kazi ngumu, na wengi wao walikuwa na wazazi waliobaki mikononi mwa Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Mtu ambaye mama yake ameshikwa anaweza kushurutishwa kufanya lolote. Hofu hiyo siwezi kuicheka. Ninachosema ni kwamba waliolitazama jambo hilohilo na kuona silaha badala ya hatari walilipwa kuliko walivyotarajia. Mzee Guy Stern, aliyeondoka Hildesheim mwaka 1937 akiwa kijana na kuiacha familia ambayo hakuiona tena, alikwenda kuhoji mateka kuanzia Normandy hadi ndani ya Ujerumani. Kiapo gani kingemfunga mtu kuliko hicho?

Lakini anayeipamba Ritchie kama hadithi ya moyo mkunjufu wa Marekani namwomba aongeze ukurasa mmoja. Mwaka huohuo wa 1942 serikali hiyohiyo iliwang'oa majumbani zaidi ya watu 110,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao raia kwa kuzaliwa, ikawafungia kambini. Shule ya jeshi ya lugha ya Kijapani iliyokuwa San Francisco ikalazimika kuhamia Camp Savage, Minnesota, kwa kuwa wanafunzi na walimu wake walikuwa wa asili ileile iliyofukuzwa pwani. Jeshi liliwachukua vijana wa Kijapani kutoka nyuma ya seng'enge liwafanye wakalimani, na wazazi wao wakabaki humohumo. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo, ila mwenyeji huyu alichagua mgeni yupi wa kumfungulia mlango.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hilo, nalo watetezi wa Ritchie hulisimulia huku wakicheka. Stern na mwenzake Fred Howard waliona kwamba mateka wasiotikiswa na chochote walitikiswa na kitu kimoja: kupelekwa kwa Warusi. Basi Stern akavaa sare ya Kisovieti, akajipachika medali, akatundika picha ya Stalin yenye maneno ya kirafiki kwa 'Kamishna Krukov', akawa mkali mwenye lafudhi ya Kirusi. Howard akawa mtu mwema anayemsikitikia mateka: mimi sipendi kukukabidhi kwa huyu, lakini ukikaa kimya nitafanyaje? Wengi wakasema.

Mchezo mzuri wa jukwaani, nakubali. Ila Mkataba wa Geneva wa 1929, ambao Marekani iliuridhia, ulisema katika kifungu cha 5 kwamba mateka anayekataa kujibu asitishwe, asitukanwe, wala asiletewe usumbufu wa aina yoyote. Haukukataza kupiga tu. Na kitisho hiki kilifanya kazi kwa sababu kambi za Siberia zilikuwa kweli. Kusema hakuna aliyeguswa hata ukucha ni utetezi wa kweli, na katika vita ile si jambo dogo. Lakini ni utetezi wa shtaka jingine. Ningependa wanaoitumia Ritchie kama fimbo ya kuwachapia watesaji wa leo wamtaje na Krukov.

Kwa nini basi habari hizi zilikaa gizani miongo mingi? Kiapo cha siri kipo, lakini naona sababu kubwa ni namna walivyotumwa. Wahoji walikwenda kwa timu za watu sita, kila timu ikabandikwa kwenye divisheni isiyowajua. Hawakuwa na bendera ya kikosi, wala siku ya kukutana na wenzao wazeeke pamoja wakisimuliana. Kambi yenyewe iliendelea na mambo mengine: ilikusanya nyaraka zilizotekwa, na baada ya vita maofisa wa Kijerumani waliokuwa mateka wakaletwa palepale kuandika uchambuzi wa jeshi lao kwa ajili ya Wamarekani. Baadaye ikaitwa Fort Ritchie, ikawa tegemeo la Raven Rock, mahandaki ya kijeshi yaliyochimbwa jirani, hadi ilipofungwa 1998.

Waliokwenda mbele walijua hatari yao. Kibati cha shingoni kilikuwa na herufi H, ya Mwebrania, na wako waliokitupa au kubadilisha herufi. Desemba 1944, Wajerumani waliposhambulia Ardennes, misitu ya mpakani mwa Ubelgiji, wahitimu wawili wa Ritchie, Kurt Jacobs na Murray Zappler, walitekwa karibu na Bleialf, kijiji cha Ujerumani, pamoja na wenzao. Kapteni wa Kijerumani, Curt Bruns, alipoambiwa ni Wayahudi wa Ujerumani, alisema Wayahudi hawana haki ya kuishi Ujerumani, akaamuru wapigwe risasi. Miezi michache baadaye Bruns naye alikuwa mateka. Wamarekani hawakumpeleka nyuma ya ghala. Alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, kwa ushahidi uliotoka vinywani mwa askari wa Kijerumani wenyewe, akapigwa risasi Juni 1945.