Cheo cha tramu bila fungu la matengenezo

Reli ya umeme iliyounganisha miji ya Portland na Lewiston, katika jimbo la Maine nchini Marekani, ilifunguliwa mwaka 1914 na kufungwa 1933, abiria walipokwisha kuhamia kwenye magari. Mabehewa yake, yaani tramu zake, yalipewa majina ya maua. Moja liliitwa Narcissus. Lilijengwa 1912 na kampuni ya Laconia ya jimbo jirani la New Hampshire, na Agosti 1914 lilimbeba Theodore Roosevelt, rais wa zamani. Reli ilipokufa, bodi ya behewa hilo iligeuzwa makazi ya watu, hadi lilipochukuliwa na Makumbusho ya Tramu ya Seashore, Kennebunkport, ambako mafundi wamelihangaikia miaka mingi. Je, chombo cha namna hii kinastahili kuwa alama rasmi ya jimbo?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Alama za majimbo mengi ni ndege, ua, mti: vitu ambavyo hakuna mtu aliyevitengeneza. Narcissus ni kazi ya mikono. Ukilitazama kwa karibu unaona mbao za mkangazi na vioo vya rangi juu ya madirisha, urembo uliowekwa kwenye chombo cha kuwapeleka watu kazini na sokoni. Tena linamkumbusha Mmarekani wa leo, asiyeweza kwenda dukani bila gari, kwamba babu yake alisafiri kwa umeme kutoka mji hadi mji. Cheo pia huwapa makumbusho la kusema wanapobisha hodi kwa wafadhili.

Wanaopinga husema alama zimezidi. Mwaka 2011 Maine iliipa hadhi pai ya blueberry, na haikutosha, ikaongeza kitafunwa cha keki kiitwacho whoopie pie. (Sina ugomvi na keki, lakini bunge lina kazi nyingine.) Hoja yao nyingine ina uzito zaidi: reli hiyo ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 50 tu, kusini mwa jimbo. Mkulima wa viazi wa Aroostook, kaskazini kabisa, aiite yake kwa lipi? Hapo mimi siwaungi mkono sana. Alama si lazima iwe imepita mlangoni kwa kila mtu.

Kinachonitia wasiwasi ni Pennsylvania. Desemba 1987 jimbo hilo lilitangaza injini mbili za mvuke za aina ya K4s, namba 1361 na 3750, kuwa injini zake rasmi. Ya kwanza ilikuwa imefufuliwa mwaka huohuo na kuvuta abiria. Mwaka 1988 ikaharibika, ikafunguliwa vipande vipande, na zaidi ya miaka 30 baadaye bado ilikuwa mikononi mwa mafundi. Muda wote huo cheo kilikuwapo, ila sheria haikununua hata bolti moja.

Maine yenyewe ina mfano tofauti. Chombo chake rasmi cha majini ni Bowdoin, jahazi la milingoti miwili lililojengwa 1921 kwa safari za Aktiki. Linasafiri hadi leo kwa sababu chuo cha ubaharia cha Castine kinalitumia kufundishia wanafunzi. Mwenye kulitumia ndiye mwenye kulitunza, na cheo kimefuata kazi.

Tramu inadai vivyo hivyo: waya wenye umeme, mlingoti wenye kigurudumu kinachotambaa chini ya waya huo, breki za hewa, na vijana wanaojifunza kazi kwa mafundi wazee wanaojitolea. Kwa hiyo ningeunga mkono cheo endapo sheria ingetamka ni nani analipia ukaguzi na matengenezo, na kwamba behewa litembee na abiria angalau mara moja kila mwaka. Kifungu hicho kisipokuwamo, kura yangu ni hapana, hata kama Roosevelt alikalia kiti chake.