Kabla Ploti Haijakatwa

Katika mtaa wa Manyatta, Kisumu, si ajabu kukuta kisima kilichochimbwa kwa mkono na choo cha shimo vikiwa ndani ya ua mmoja, na mama akiteka maji ya kuoshea vyombo huku amekipa choo kisogo. Kanuni ya afya iliyozoeleka hutaka viwili hivyo vitengane kwa mita 30. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15 na urefu wa mita 30 hivi, kwa hiyo mwenyewe akiweka choo pembe hii na kisima pembe ile ya mshazari, atakuwa ameitii kanuni kwake na pengine kuivunja kwa jirani. Afisa wa afya ya umma anayekuja baadaye na daftari la ukaguzi amekwisha kuchelewa, kwani jambo liliamuliwa siku mpima ardhi aliposimika bikoni, yaani alama za mipaka ya ploti.

Hapo ndipo inapopata uzito hoja ya kushirikisha taaluma, yaani kwamba wataalamu wa mipango ya miji na wa afya wafanye kazi pamoja tangu mwanzo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziweka huduma za afya za kaunti, mipango, maji na usafi chini ya serikali moja ya kaunti. Hata hivyo, kuwa chini ya gavana mmoja si kufanya kazi pamoja: ramani ikichorwa kwanza, ndipo izungushwe idara kwa idara kutafuta maoni, anayeulizwa mwishoni hubakiwa na kutia sahihi tu au kupinga.

Wanaosita nao wana lao. Husema kwamba ujenzi wa Nyalenda na Obunga, mitaa mingine ya Kisumu, haungoji vikao, na kwamba ramani yenye wenyewe wengi ikiharibika hukosa wa kuwajibika. Hilo ni kweli, ingawa linatibika. Linalonitia hofu zaidi ni historia. Mwaka 1913 daktari W. J. Simpson, aliyetumwa na Uingereza kuchunguza usafi wa miji ya Afrika Mashariki, alipendekeza makazi yatenganishwe kwa rangi za watu kwa hoja ya kuzuia maradhi. Afya na mipango zilishirikiana vizuri sana hapo, na mwananchi ndiye aliyeumia. Hata leo neno "uchafu" laweza kutangulia tingatinga.

Ndiyo maana ushirikiano usiokuwa na mkaazi siuungi mkono. Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, ilipotangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, wataalamu wa fani mbalimbali, wa afya wakiwemo, walifanya kazi pamoja na wakaazi wenyewe. Kwa maoni yangu, mtaalamu wa mipango abaki na kalamu, na lawama pia, lakini ardhi aitembee na afisa wa afya pamoja na mwenyeji anayejua maji ya masika hupanda hadi wapi, kabla bikoni hata moja haijasimikwa.

Kwa Manyatta yenyewe, ambako nyumba zimekwisha kusimama, kurudi nyuma hakuwezekani bila kubomolea watu. Pale zamu ni ya mhandisi wa maji: bomba la maji lifike karibu na kwa bei ambayo mama yule anaimudu, kisima kiachiwe kazi ya kufulia, na afisa wa afya aoneshe ua upi uanze kuunganishwa.