Infomatiki ya afya iwe somo la uzamili la wakunga pia

Usiku mmoja, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, tulikuwa wakunga wawili zamu na akina mama tisa wenye uchungu, na mfumo wa kompyuta wa wodi ya wazazi ulikuwa na wiki chache tu tangu usimikwe. Saa mbili usiku mwenzangu alimpima mama mmoja akakuta njia imefunguka sentimita tano. Kabla hajaifikia kompyuta aliitwa kumpokea mtoto kitanda cha pili, kisha mama mwingine akaanza kutokwa na damu nyingi, hivyo kipimo kile alikiingiza saa tano. Saa sita alimpima yule mama tena akakuta sentimita sita.

Mfumo haukuwa na mahali pa kuandika saa ya kupima. Ulichukua saa ya kuingiza taarifa ukaifanya ndiyo saa ya kipimo, na patografu, yaani chati ya mstari inayofuatilia maendeleo ya uchungu, kwenye skrini ikaonyesha mama anayeendelea vizuri, sentimita moja kwa saa moja, ilhali alikuwa amesogea sentimita moja kwa saa nne. Yeyote aliyekalia wodi ya wazazi anajua tofauti ya mistari hiyo miwili. Kilichotusaidia ni karatasi ya pakiti ya glovu ambayo mwenzangu alikuwa ameandikia kipimo cha kwanza na saa yake. Daktari aliitwa, mama akapelekwa chumba cha upasuaji, na mtoto akalia.

Aliyetengeneza programu ile hakuwa mzembe. Kwenye benki au dukani, muamala hutokea pale unapoingizwa, kwa hiyo saa ya kuandika na saa ya tendo ni moja. Wodini tendo hutangulia na maandishi hufuata, pengine baada ya saa tatu, na jambo hilo hulijua aliyewahi kusimama pale usiku akiwa na mikono miwili na kazi ya watu sita. Ndiyo maana ninashikilia kwamba shahada ya uzamili ya infomatiki ya afya, yaani fani ya namna taarifa za afya zinavyokusanywa, kutunzwa na kutumiwa kwa kompyuta, haipaswi kuachiwa wataalamu wa TEHAMA peke yao, na kwamba vyuo vyetu viwatafute wauguzi na wakunga kwa makusudi.

Marekani walilifikia hili mapema. Mwaka 1989 wataalamu wa uuguzi Judith Graves na Sheila Corcoran waliieleza infomatiki ya uuguzi kuwa ni kazi ya kushughulikia data, taarifa na maarifa ya uuguzi, na mwaka 1992 American Nurses Association, chama cha wauguzi wa nchi hiyo, ikaitambua kuwa fani ya ubingwa. Maelezo yao nimeyaelewa vizuri zaidi kwa kumkumbuka mama yule: sentimita tano ni data, sentimita tano saa mbili usiku ni taarifa, na kujua kwamba sentimita moja kwa saa nne inadai hatua ni maarifa. Mfumo ulipoipoteza saa, uliharibu vyote vitatu kwa pamoja.

Hapa Tanzania muuguzi ndiye chanzo cha sehemu kubwa ya takwimu zetu. Yeye hujaza vitabu vya MTUHA (rejista za taarifa za huduma za afya), hujumlisha mwisho wa mwezi, na hesabu zake huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo ambao sasa wizara husoma ndani yake hali ya nchi nzima. Katika vituo vinavyotumia GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kuendesha shughuli za vituo vya afya, anaandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Hata hivyo, anapofikiria kusoma zaidi, ushauri anaopewa mara nyingi ni ubingwa wa kitabibu, afya ya jamii au uongozi. Sijawahi kumsikia muuguzi mfawidhi akimwambia kijana wake akasome namna taarifa zinavyoundwa.

Masomo yenyewe yasiogopeshe. Muuguzi mwenye miaka mitano wodini anaweza kufundishwa kanzidata kuanzia mwanzo, akafundishwa viwango kama ICD-11 (orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa), na akaisoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kwa macho ya mtu anayejua maana ya majibu ya VVU kuachwa wazi kwenye skrini ambayo kila apitaye anaiona. Tasnifu yake ningependa ifanyike wodini kwake: achukue rejista moja, afuatilie kila tarakimu kutoka kitandani hadi kwenye ripoti, aonyeshe inapopotea na airekebishe.

Najua pingamizi kwamba wauguzi ni wachache na hatuwezi kuwatoa wodini. Lakini muda unaotumika kuandika jambo lile lile kwenye kitabu, kwenye kadi na kwenye kompyuta unatoka kwa wauguzi hao hao wachache, na mtu wa kuupunguza ni yule aliyeuona ukipotea. Kinachonisumbua zaidi ni kinachofuata baada ya masomo. Nimemwona muuguzi akirudi na shahada hii akapangiwa zamu zile zile, huku kikao cha kuchagua mfumo mpya kikifanyika bila yeye, kwa sababu tu hapakuwa na nafasi yenye jina la kazi yake. Waajiri waiandike nafasi hiyo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, sasa, kabla wanafunzi wa kwanza hawajamaliza, na mwenye nafasi hiyo awe na sauti ya kukataa mfumo usioandika saa ya kipimo.