Kwenye Majarida, Saratani ya Matiti Haizeeki

Oktoba iliyopita nilimsindikiza mama mkubwa saluni. Akiwa chini ya drai, alichukua jarida la Marekani lililojaa pinki, akawa anapitisha kidole kwenye picha za wanawake waliougua saratani ya matiti. Alipofika mwisho akasema, "Hawa wote ni sawa na binti zangu." Yeye ana miaka 64.

Kauli ile haijanitoka. Huko huko Marekani, karibu nusu ya wanaogundulika na ugonjwa huu wamevuka miaka 62, lakini majarida yao yanapenda mama kijana mwenye mtoto mchanga kifuani.

Sisemi hayajafanya jema. Zamani ugonjwa huu ulisemwa kwa minong'ono. Shirley Temple Black, aliyewahi kuwa nyota wa filamu, alikatwa titi mwaka 1972, akasimulia mwenyewe katika jarida la McCall's mwaka 1973. Mwaka 1974 Betty Ford, mke wa rais wa Marekani, naye hakuficha ugonjwa wake, na wanawake wakamiminika kupimwa.

Kinachoniuma ni cha mwaka 1992. Charlotte Haley, mama wa miaka 68 wa California, ambaye bibi yake, dada yake na binti yake waliugua saratani ya matiti, alikuwa akitengeneza tepe za rangi ya pichi nyumbani kwake, kwa mikono yake. Kila utepe aliuweka kwenye kadi iliyosema kwamba ni asilimia 5 tu ya bajeti ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani inayokwenda kwenye kinga. Jarida la Self likamwomba washirikiane. Akakataa, kwa sababu aliona wanataka biashara. Wanasheria wakashauri itafutwe rangi nyingine, ikachaguliwa pinki. Utepe ukaenea dunia nzima, hadi kwetu. Ile kadi haikusafiri nao, na mimi naona kadi ndiyo iliyokuwa na maana.

Agosti 1993 jarida la New York Times lilimweka jaladani msanii Matuschka, aliyekatwa titi, gauni jeupe limekatwa upande mmoja, kovu liko wazi. Wasomaji wengine walikasirika. Mimi nalipenda jalada lile kuliko tepe zote, ingawa naye alikuwa hajafika miaka 40.

Mama mkubwa alirudisha jarida mezani, akanigeukia. "Mwanangu, hivi hata sisi wazee tunapimwa?"

"Ndiyo mama, tena nyinyi hasa."

Jumatatu tulikwenda.