Kaunta buku la shangazi lina upande mmoja

Shangazi yangu ana duka la nafaka, na hapohapo mlangoni ni wakala wa pesa za simu. Mtu mmoja, lakini hesabu zake utadhani ni za watu wawili.

Kwenye uwakala hakosei. Tuseme asubuhi ana milioni moja: taslimu 620,000, floti, yaani pesa iliyo kwenye simu ya uwakala, 380,000. Mteja akiweka 50,000, taslimu inapanda hadi 670,000, floti inashuka hadi 330,000, jumla iko palepale. Jioni ikipelea hata elfu mbili, hapati usingizi. Anafukua meseji moja moja mpaka aione. Hajawahi kukaa darasa la uhasibu, lakini hiyo ndiyo kanuni ya leja kuu, daftari la akaunti zote za biashara: kila muamala unagusa akaunti mbili au zaidi, na pande zote lazima zilingane.

Akigeukia dukani, yote hayo anayasahau. Kaunta buku lake lina safu moja tu, "Mauzo".

Mwezi uliopita alichukua gunia la mchele la kilo 100 kwa mali kauli, mzigo kwanza malipo baadaye, 220,000. Hakuandika popote, eti hajatoa hela. Kweli hajatoa, ila stoo imeongezeka na deni limezaliwa siku ileile. Kwenye leja ungedebiti bidhaa, yaani kuandika kushoto kwamba zimeingia, na kumkrediti mwenye gunia, kulia, kwamba anatudai. Kisha akauza kilo 10 kwa 26,000, akaziona zote zake. Mchele ulioondoka stoo ni wa 22,000. Chake hapo ni 4,000, tena bado pango na umeme.

Kinachonichosha hasa ni wale wa "niandikie". Jirani alikopa kilo tano, 13,000, zikaandikwa mauzo. Wiki iliyofuata akalipa, zikaandikwa mauzo tena. Nilipomwonyesha akanishangaa: "Si hela imeingia, baba?" Imeingia, shangazi, lakini mchele uliuzwa wiki iliyopita. Leo taslimu imepanda na deni la jirani limefutika; mauzo hayaguswi. Kwa jirani huyo mmoja, daftari linasema duka limeuza 26,000, droo imepata 13,000, na msichana anayemsaidia dukani keshaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Binti wa watu hana kosa lolote.

Mimi lawama nazipeleka kwenye namna tunavyofundishwa. Debiti kushoto, krediti kulia, kariri, mtihani, kwisha. Halafu mtu anapata ujumbe wa benki kwamba akaunti yake imekreditiwa, na hela imeingia, wakati darasani aliambiwa fedha ikiingia inadebitiwa. Anachanganyikiwa na kuitupa elimu yote. Hakuna aliyemwambia kwamba benki inasema kwa vitabu vyake yenyewe, na humo hela zako ni deni ambalo benki inadaiwa na wewe. Ungeanza na floti, mtu angeelewa kabla chai haijapoa.

Basi nikamchorea safu: taslimu, stoo, tunaowadai, wanaotudai, mauzo, gharama, na ya mwisho nikaiita "Mwenye duka". Hiyo ya mwisho aliipinga. Ada ya mtoto ikitoka kwenye droo yeye huiita gharama ya duka, kwa hoja kwamba duka ndilo linalosomesha. Mimi nasema hapana: duka halina mtoto, huo ni mtaji wake anaoupunguza mwenyewe, na ukiuchanganya na pango hutajua kamwe kama biashara inakula hasara au wewe ndiye unayeila.

Jana usiku akanipigia. Amehesabu stoo mara mbili, inapelea mchele wa 4,400, na safari hii msichana hakuwepo siku nzima. Nikamuuliza Jumapili tulipika kilo ngapi za pilau. Kimya. "Mbili," akasema, "na wewe ulirudia sahani."

Nikamwambia aandike safu ya mwisho.